Nilimwachia singe wiki moja, nikarudishiwa kijiko

Nyota moja kwa mzee aliyeniuzia. Naiweka mwanzoni kabisa, maana najijua, nikifika katikati nitalainika.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Lyon, na ugonjwa wangu ni singe za zamani za Kifaransa, zile panga zinazochomekwa mdomoni mwa bunduki. Msiniulize ulinianza lini. Wenzangu mshahara ukiingia wanatuma nyumbani kisha wananunua viatu. Mimi natuma nyumbani kisha nanunua chuma chenye kutu. Mama watoto ameshakata tamaa, sharti lake limebaki moja tu: hakuna singe kulala chumbani.

Sasa kuna mzee mmoja anapanga meza soko la vikorokoro la Jumapili. Simtaji, wenye kumjua watamjua kwa hadithi yenyewe. Majuma kadhaa yaliyopita nilikuwa napita tu, sina hata nia, nikaona chini ya rundo la taa mbovu na vinu vya kahawa kitu cha njano kimechungulia. Mpini wa shaba, una mifereji ya vidole kupenya. Nikavuta. Ukatoka upanga mzima, umepinda halafu ukapinduka tena kama wimbi, na kwenye kikingio cha mkono ile ndoano iliyokunjwa mbele. Singe ya Chassepot, bunduki ya zamani ya Kifaransa! Modeli ya 1866. Na ala yake ya chuma ipo.

Mzee kaibandika kikaratasi: "singe ya vita vya 1914". Nilicheka kimoyomoyo. Askari wa Kifaransa wa 1914 alibeba singe ya bunduki ya Lebel, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, ina pembe nne, imenyooka tii, na wenyewe wakaipa jina la kike, Rosalie. Hii iliyopinda ni ya vita vya 1870, vya Napoleon III, Kaisari wa Ufaransa, na Wajerumani wa Prussia. Hata huo mpindo wenyewe ulikuwa umeshapitwa na wakati. Ulitokana na enzi za bunduki za kushindilia mdomoni, singe ipishe mkono wa askari asijikate akishindilia. Chassepot ilishindiliwa nyuma, lakini mpindo ukaachwa tu, nadhani kwa kupendeza.

Kwa bei ya "vita vya 1914" nilinyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, sikumsahihisha. Huenda yote yaliyonipata ndiyo malipo yake.

Nikageuza mgongo wa singe. Hapo ndipo penyewe, hapo ndipo singe inapojitambulisha: kiwanda, mwezi na mwaka, vimechongwa kwa mwandiko wa mkono, herufi zimelala kama barua ya posa. Lakini palikuwa na grisi ya miaka imekauka ikawa kama lami. Nikatia mate kidoleni, nikasugua. Ikatokea "Impale", kifupi cha Impériale, yaani kiwanda cha milki ya Kaisari. Kwa hiyo ni kabla ya Septemba 1870, maana Napoleon III alipoanguka neno hilo likaanguka naye. Nikasugua mbele zaidi. Zikatokea herufi nne: "tzig".

Wenye ugonjwa wangu wameshaelewa. Kwa wengine: singe za kiwanda cha St. Etienne utazikuta kila kona, za Châtellerault na Tulle pia zipo. Lakini "tzig" ni Mutzig, na Mutzig iko Alsace, mpakani na Ujerumani, na Alsace ilichukuliwa na Wajerumani baada ya vita hivyo, kiwanda kikawa ndiyo basi. Mimi sijawahi kushika ya Mutzig. Baada ya hapo kulikuwa na mwezi, nikaona "Ma", na mwaka wote ulikuwa chini ya lami. Nikapiga picha na simu, mkono unatetemeka, picha yenyewe ukungu mtupu.

Mfukoni nilikuwa na euro 40, yeye anataka 90. Nikamwachia hizo 40 kama arbuni, nikamwambia nitaimalizia Jumapili ijayo. Na nikamwambia, kwa Kifaransa changu, tena mara mbili: usiisafishe. Akanipiga bega. "Usiwe na wasiwasi, kijana."

Jumapili ile sikunywa hata chai. Mzee aliponiona alitabasamu kama mkunga anayeleta mtoto wa kiume. Akainama chini ya meza, akatoa kitu kimefungwa kitambaa cheupe, akakifunua polepole.

Kijiko. Jamani, kijiko kipya cha harusi. Kinang'aa hadi unaona meno yako. Kaipitishia grinda, halafu brashi ya waya, halafu sijui dawa gani ya sufuria. Michirizi ya jiwe la grinda imekata upande mzima wa singe. Mihuri midogo ya wakaguzi karibu na mpini imekuwa vishimo kama alama za ndui. Nikageuza mgongo. Laini. Laini kama kucha. Ukiielekeza juani kwa mshazari unaona mkia wa "g", basi. Ile ala nayo kaipaka rangi nyeusi ya geti, bado inanuka.

"Saa mbili nzima nimeishughulikia," anasema, "na sikudai kitu."

Unajua nilijibu nini? Asante. Mimi! Nimelelewa kwamba mtu wa umri wa babu yako humpandishii sauti, na malezi hayo yalinikaba koo mbele ya umati. Nikajikaza, nikamuuliza kwa adabu kama atanipunguzia, kwa kuwa maandishi yamefutika. Hapo ndipo akabadilika. Akanitazama kuanzia viatu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza ya tatu: "Kwani ulikuwa unanunua kutu?" Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mbwa alicheka mpaka mbwa akabweka. Nikalipa euro 50 zangu zilizobaki, nikaondoka.

Futa ile nyota. Sifuri.

Ila nilipokuwa kwenye metro, na hasira yangu imekaa pembeni yangu kama abiria, nikaanza kujirudia yale maneno niliyomwambia. Sisi kwetu katazo linatangulia, "usi-", mtu anajua amekatazwa kabla hajajua amekatazwa nini. Wafaransa midomoni mwao katazo wanalitupia mwishoni, kineno kidogo cha "pas", ukimeza mate limepotea. Na soko lile lina kelele. Inawezekana kabisa mzee wa watu alisikia "isafishe", tena mara mbili, akatii. Sijui. Nikifikiria hivyo namhurumia. Nikikumbuka mbwa, huruma inaisha.

Nyumbani nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha ya mama watoto, nikafuta rangi ya geti karibu na mdomo wa ala. Ikatoka namba. Nikaileta singe, nikatazama kikingio, kwenye kona ambayo grinda haikufika. Namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Singe na ala yake wamekuwa pamoja tangu kiwandani, wamepitia vita, mapipa na mikono ya watu zaidi ya miaka 150 hawajaachana. Kuzipata hivyo si jambo la kila siku, na mzee angeweza kuziuza mbalimbali. Basi nyota mbili.

Halafu nikafungua ile picha ya simu. "Ma". Ni Mars au ni Mai? Machi au Mei? Sitajua maisha yangu yote, kwa sababu mtu alitaka kunifurahisha. Nyota moja na nusu. Chuma kama hiki, ndugu zangu, kinataka mafuta ya cherehani na kitambaa cha pamba, uvumilivu, na mashine ikae mbali!

Jumapili iliyopita miguu ilinipeleka tena. Nilienda kutazama tu. Chini ya meza yake kulikuwa na singe ya bunduki ya Gras ya 1874, pande za mpini za mti zimepasuka, mgongo mpana wenye umbo la T umejaa kutu nyekundu ya kupendeza, na chini ya kutu herufi zinaonekana. Akaniona ninavyoitazama. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye kitambaa. Nikalipa yote palepale, sikuomba punguzo hata la senti, nikaizungushia gazeti nikashika njia, naye akawa ananiita nyuma: "Kijana! Hata vumbi nisikufutie?"