Zana ya muhtasari iliipanga insha yangu, kisha ikaivuruga bila kunionya

Nilikusudia kuandika kwamba zana ya muhtasari iliyomo katika programu ya kuandikia, ile inayoonyesha vichwa vya maandishi na kukuruhusu kuvipanga upya, haifai kuaminiwa na mtu mwenye kazi ya kukabidhi, na hasira yangu bado haijapoa, lakini haki inanilazimu nianze na uzuri wake.

Insha yangu ya chuo ilihusu jinsi reli ilivyoihamisha biashara ya ziwa kutoka Ujiji kuja Kigoma mjini. Rasimu ya kwanza niliipanga kwa miaka: misafara ya Ujiji, reli kufika hapa 1914, meli ya Liemba iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, kisha bandari. Mhadhiri alitaka reli itangulie kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Nilipoyakunja maandishi yote vikabaki vichwa peke yake, niliona papo hapo jambo ambalo kusoma kurasa mfululizo hakukunionyesha: vichwa viwili vilieleza tukio moja, yaani Wajerumani kuizamisha meli hiyo 1916. Nikakiburuta kimoja hadi chini ya kingine na kukishusha ngazi. Aya zake zote zikafuata, na tanbihi zikajipa namba upya zenyewe. Nilifurahi mno.

Kisha nikaipeleka faili steshenari moja ya Mwanga, hapa Kigoma, ili nichapishiwe nakala ya kusahihishia. Kijana wa pale aliona vichwa vina rangi ya bluu. Bila kuniuliza, akaufuta mtindo (alama inayoiambia programu kwamba hiki ni kichwa, na cha ngazi gani) wa vile vya Liemba na bandari, akavikoleza upya kwa herufi nyeusi, halafu akaihifadhi faili hivyo hivyo kwenye flashi yangu. Nilipomwuliza kwa nini anagusa kazi ya mtu, alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Kwani maandishi si ni yale yale, mwalimu?"

Hayakuwa yale yale. Machoni pa msomaji kichwa kilibaki kichwa, lakini kwa programu kilikuwa sasa aya ya kawaida yenye herufi nzito, na programu hutenganisha sehemu pale tu inapokutana na kichwa kilichopewa ngazi. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, nilipoiburuta sehemu ya reli kuipeleka juu ya Ujiji, iliizoa Liemba nzima pamoja na bandari, na misafara ya Ujiji ikajikuta imekaa nyuma ya meli iliyoopolewa 1924. Hakuna onyo lililotokea, wala alama yoyote pembeni.

Kijana yule hatapata tena hata barua yangu ya kuomba ruhusa. Lakini wanaonikera zaidi ni waliounda zana inayojua kubeba kurasa nzima kwa mburuto mmoja na isijue kumwonyesha mwenye kazi ni aya zipi zinaondoka. Kwa kosa hilo nilitaka kuinyima alama zote.

Ila nilipovirudishia vichwa vile ngazi zake, Liemba na bandari zilikwenda mahali pake bila tanbihi hata moja kupotea, jambo ambalo kukata na kubandika hakujawahi kunifanyia. Insha ninayoandika sasa, ya chumvi ya Uvinza, nimeianzia humo humo kwenye muhtasari, na steshenari itapelekewa PDF tu.