Mfuko wa Pamoja wa Utafiti wa Barabara Kuu Marekani: unapofaa na unapokwama

Marekani haina ofisi moja inayojenga na kutunza barabara kuu zote. Kila jimbo lina idara yake ya uchukuzi, yenye wahandisi wake, maabara zake na fungu lake la utafiti. Kwa hiyo swali moja, tuseme kwa nini aina fulani ya lami inapasuka mapema, au chumvi kiasi gani imwagwe darajani kabla barafu haijaganda, linaweza kulipiwa na majimbo kumi ambayo hayajui kwamba jirani alishalijibu. Ziko huduma kadhaa za kuzuia upotevu huo. Tunayoipima hapa ni Transportation Pooled Fund, mfuko wa pamoja unaosimamiwa na FHWA, mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu. Miradi yake huitambui kwa jina bali kwa namba inayoanza na TPF-5.

Tuseme mapema tunavyouona. Kwa swali la vitendo linalohitaji majaribio ya gharama kubwa, hakuna chombo bora kuliko huu mfuko. Kwa swali linalotaka jibu ndani ya miezi sita, haufai. Na kama hakuna jimbo moja lenye ofisi imara ya mikataba lililo tayari kubeba mzigo, ni afadhali mradi usianze kabisa.

Kwanza fedha, maana ndizo zinazofanya watu waje mezani. Sheria ya shirikisho inataka asilimia 2 ya fedha za programu kuu za barabara zinazogawiwa jimbo itengwe kwa ajili ya mipango na utafiti, na angalau robo ya hiyo iende kwenye utafiti, maendeleo na uhamishaji wa teknolojia. Kwa hesabu nyepesi, katika kila dola 1,000, dola 20 zinatengwa, na dola 5 kati ya hizo ni za utafiti, labda jimbo liombe na kukubaliwa vinginevyo. Kwa kawaida fedha hizo hulipia asilimia 80 ya mradi, na jimbo hutoa asilimia 20 kutoka mfukoni mwake. Mvuto mkubwa wa mfuko wa pamoja uko hapo: FHWA inaweza kuondoa sharti la asilimia 20, na mradi ukaendeshwa kwa fedha za shirikisho tupu. Mkuu wa kitengo cha utafiti ambaye kila mwaka anapigania hiyo asilimia 20 bungeni mwa jimbo lake anajua uzito wa msamaha huo. Lakini hauji wenyewe. Lazima jimbo linaloongoza liuombe, liupate kwa maandishi, na liupate kabla fedha hazijaanza kutumika. Kuomba baadaye ni kujitafutia deni.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Jimbo lenye wazo linaweka tangazo kwenye tovuti ya mfuko, likieleza tatizo, lengo, kazi zitakazofanywa, mchango unaotarajiwa kwa mwaka na muda wa mradi. Majimbo mengine yanaandika ahadi zao humo humo: kiasi gani, kwa miaka ipi, na nani atakaa kwenye kamati ya ufundi. Ahadi zikitosha, tangazo linafungwa, mradi unapata namba, msamaha unaombwa, na kila mshirika anahamisha fedha kwenda kwa jimbo linaloongoza. Hapo ndipo mtafiti anapopewa mkataba, mara nyingi chuo kikuu au kampuni ya ushauri. Taarifa ya maendeleo inatakiwa kila robo mwaka. Mwisho kuna ripoti, barua ya kufunga mradi, na chenji iliyobaki kurudishwa kwa washirika kulingana na kila mmoja alichotoa.

Kosa la kwanza na linalojirudia kuliko yote ni kuchanganya ahadi na fedha. Ahadi iliyoandikwa kwenye tovuti si fedha iliyohamishwa. Chukua mradi wa majimbo 10, kila moja likiahidi dola 25,000 kwa mwaka kwa miaka 3. Kwenye karatasi ni dola 750,000. Majimbo mawili yakijiondoa mwaka wa pili, dola 100,000 zimepotea, na mtafiti tayari ana mkataba wa kazi yote. Kinga yake ni rahisi ingawa wengi hawaifuati: gawanya kazi katika hatua, hatua ya kwanza ilipwe na fedha zilizokwisha kufika, na mkataba useme wazi kwamba hatua ya pili haianzi mpaka fedha zake ziwe zimehamishwa.

Kosa la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa shirikisho unaanza tarehe 1 Oktoba, na wa majimbo mengi unaanza tarehe 1 Julai. Mshirika anayeahidi mwezi Mei huenda akawa anazungumzia mwaka tofauti na ule ulio kichwani mwa jimbo linaloongoza. Halafu maombi ya kuhamisha fedha yanarundikana kuelekea mwisho wa Septemba, na fomu yenye kosa dogo la msimbo wa programu inarudishwa wakati hakuna tena siku za kuirekebisha. Fomu ikiwa imetumwa Februari, kosa lile lile linasahihishwa bila mtu kukosa usingizi. Fedha hizi kwa kawaida hudumu mwaka zilipogawiwa na miaka mitatu inayofuata, kwa hiyo kuchelewa kwa wiki chache si msiba kila mara. Ila jimbo lililokuwa linatumia fedha za mwaka wake wa mwisho wa uhalali linazikosa moja kwa moja.

Sasa matunda. Anayetaka kuona mfuko wa pamoja ukifanya kazi inavyopaswa aangalie mpango wa majimbo ya kati-magharibi kuhusu usalama wa kando ya barabara, unaofanyiwa majaribio yake katika Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln. Kutoka huko ulitoka ukingo wa chuma unaoitwa MGS. Ukisimama kando yake barabarani, tofauti na ule wa zamani inaonekana kwa macho. Sehemu yake ya juu kabisa iko milimita 787 kutoka ardhini, ilipokuwa takriban milimita 700, kwa sababu pikapu na magari marefu yalikuwa yakiupanda ule mfupi au kupinduka juu yake. Maungio ya mabati yameondolewa kwenye nguzo na kuwekwa katikati ya nguzo mbili. Zamani bolti za maungio na bolti ya nguzo zilikutana mahali pamoja, bati likachoka hapo hapo na kuchanika gari lilipogonga. Kipande cha kutenganisha bati na nguzo nacho kilipanuliwa kutoka milimita 203 hadi 305, ili gurudumu lisikamatwe na nguzo. Nguzo zenyewe zimeachana milimita 1,905.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalojulikana kwa kukaa ofisini. Kila badiliko linahitaji gari halisi ligongeshwe. Kwa kiwango cha kawaida cha barabara kuu chini ya MASH, mwongozo wa Marekani wa kupima vifaa vya usalama barabarani, pikapu ya kilo 2,270 na gari dogo la kilo 1,100 hugonga ukingo kwa kilomita 100 kwa saa na pembe ya nyuzi 25. Gari linaharibika, mita kadhaa za ukingo zinaharibika, vipima mwendo na kamera zinazopiga picha kwa kasi kubwa vinapaswa kukodiwa au kutunzwa. Jimbo dogo haliwezi kubeba gharama hiyo mara nne kwa mwaka. Majimbo yakiungana yanaweza, na yanaweza hata kupiga kura ni jaribio lipi litangulie. Hicho ndicho tunachokithamini zaidi kwenye mpango ule: wanaochangia ndio wanaopanga foleni ya kazi.

Mfano mwingine ni uwanja wa majaribio wa NCAT, kituo cha taifa cha teknolojia ya lami kilicho Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, uliofunguliwa mwaka 2000. Ni barabara ya duara yenye urefu wa kilomita 2.7 hivi, iliyogawanywa vipande 46 vya mita 61 kila kimoja. Jimbo linalipia kipande chake na kuweka mchanganyiko wa lami linaoutilia shaka au kuutumainia. Malori mazito yanayovuta matela yanazunguka humo kwa miaka miwili, yakirundika mipito inayolingana na milioni 10 ya ekseli sanifu (ekseli moja ya lori yenye uzito wa kipimo), mzigo ambao barabara ya kawaida ingeupata kwa miaka mingi. Mzunguko mzima wa kujenga, kuendesha malori na kukata vipande kuvichunguza ni miaka 3. Udhaifu wake ni hali ya hewa: matokeo ya Alabama, kwenye joto, hayamjibu mhandisi wa Minnesota kuhusu baridi. Kwa hilo kuna MnROAD, uwanja wa Minnesota uliofunguliwa mwaka 1994. Nyanja hizo mbili zimekuwa zikishirikiana, na huo ni uratibu wa kweli kuliko vikao vingi.

Je, kwa nini usitumie NCHRP badala yake? NCHRP ni programu ya kitaifa ya utafiti wa barabara kuu iliyoanza mwaka 1962, inayoendeshwa na TRB, bodi ya taifa ya utafiti wa uchukuzi, kwa niaba ya AASHTO, chama cha idara za majimbo, kwa ushirikiano na FHWA. Majimbo huichangia kwa hiari asilimia 5.5 ya zile fedha za mipango na utafiti, yaani dola 1.10 katika dola 20 za mfano wetu. Inafaa kwa miongozo ya taifa zima, na jopo lake huwa na watu makini. Lakini wazo linapitia kuandikwa, kupigiwa kura na majimbo, kuchaguliwa, kuundiwa jopo na kutangaziwa zabuni kabla mtafiti hajashika kalamu. Miaka mitatu au minne kutoka wazo hadi ripoti si ajabu. Wazo lako likishindwa kwenye kura, limekufa kwa mwaka huo. Kwenye mfuko wa pamoja huhitaji kukubaliwa na taifa. Majimbo mawili yanayoumwa na tatizo moja yanatosha kuanza.

Kabla ya kuweka tangazo lolote, upekuzi ufanyike, na hapa huduma ni nzuri na haina gharama kwa mtumiaji. TRID, hazina ya kumbukumbu ya TRB, ina kumbukumbu zaidi ya milioni 1. Tafuta kwa maneno ya kamusi yake ya istilahi, maana mwandishi mmoja ameandika ukingo, mwingine kizuizi, na utafutaji wa kubahatisha utakuacha ukidhani hakuna kilichofanyika. Kisha pitia RiP, inayoonyesha miradi inayoendelea. Kisha matangazo na miradi ya mfuko wenyewe, ukikumbuka kwamba programu ya kudumu ikianzishwa upya hupewa namba mpya, kwa hiyo kutafuta kwa namba ya sasa pekee kunaficha kazi ya miaka iliyopita. Mwisho tuma maswali kwa wanachama wa RAC, kamati ya AASHTO inayowaunganisha wakuu wa utafiti wa majimbo. Maswali matano yaliyonyooka yatajibiwa na majimbo mengi. Maswali 30 yatajibiwa na wachache, na kwa mkato.

RiP ina kasoro moja kubwa: ubora wake ni ubora wa wanaoijaza. Kanuni za shirikisho zinayataka majimbo yaripoti miradi yake, lakini kumbukumbu iliyowekwa mwanzoni na kutoguswa tena inamdanganya msomaji. Mradi unaonekana hai kumbe uliisha, au tarehe ya kumaliza imepita na hakuna ripoti. Taarifa za robo mwaka kwenye mfuko nazo ziko hivyo hivyo. Nyingine zimeandikwa kwa uangalifu, zikionyesha fedha zilizotumika, kazi iliyofanyika na kilichokwama. Nyingine ni nakala ya ile iliyotangulia iliyobadilishwa tarehe. Anayefikiria kujiunga na mradi unaoendelea asome taarifa nne za mwisho mfululizo. Zikifanana, aulize maswali kabla ya kuahidi.

Kamati ya ufundi ndiyo roho ya mradi, na kamba hukatikia pabovu. Mjumbe anastaafu au anahamishwa, jimbo lake halimteui mwingine, na miaka miwili baadaye ripoti inafika kwa mtu asiyejua kwa nini ililipiwa. Kila jimbo lingeteua wawili tangu mwanzo: mmoja wa utafiti na mmoja wa kitengo kitakachotumia matokeo, iwe ni matengenezo, usanifu au vifaa. Huyu wa pili ndiye husahauliwa. Yeye ndiye anayejua kama kipimo kinachopendekezwa kinaweza kufanyika usiku, njia moja ikiwa imefungwa, kwa mashine iliyopo kwenye karakana. Wajumbe pia wakubaliane kuhusu njia ya kupima kabla data haijaanza kukusanywa. Majimbo matano yakipima mpasuko wa lami kwa njia tano, mtafiti atatumia nusu ya fedha kulinganisha visivyolingana.

Jimbo linaloongoza linabeba zabuni, mkataba, malipo, taarifa na kufunga, na wenzake mara nyingi hawauoni mzigo huo. Kazi hiyo iwekewe bajeti waziwazi, tena tangu kwenye tangazo. Ofisi yenye mtu mmoja wa mikataba isiongoze mradi wa majimbo 15 hata kama wazo ni lake. Iandike wazo, imwombe jirani aongoze, na yenyewe ibaki na kiti kwenye kamati.

Kufunga nako kunachukuliwa kama usafi wa mwisho, na matokeo yake ni fedha kukaa bila kazi mradi ukiwa umekwisha. Ankara ya mwisho ya chuo ikichelewa, kila kitu kinasimama. Mkataba uweke tarehe ya mwisho ya ankara, mapema kiasi cha kuacha muda wa kurudisha chenji kabla fedha hazijapoteza uhalali. Ripoti ipelekwe TRID na kwenye maktaba ya taifa ya uchukuzi. Halafu mjumbe wa usanifu aichukue, afungue michoro sanifu ya jimbo lake, na abadilishe namba zinazopaswa kubadilika, kwa sababu mkandarasi anayechimba mashimo ya nguzo anasoma mchoro, hasomi ripoti.