Pa kuangalia NFL usiku Njiro: hawazimi sauti

Wakuu wa Arusha mnaouliza kila siku wapi pa kuangalia NFL, ile ligi ya mpira wa Wamarekani wa kushika mkononi na kuvaa helmeti, nendeni ile sehemu ya Njiro yenye geti la kijani. Nimekaa pale Jumapili sita msimu huu na sijaona pengine kama pale. Msosi ni wa kawaida tu, mbuzi na ndizi za kuchoma, chai ya tangawizi inakuja kwenye chupa mnajimiminia wenyewe, bei haiumizi. Parking ipo na mlinzi yuko macho.

Kilichonikamata ni sauti. Sehemu zingine wanaweka picha halafu DJ anapiga singeli juu yake, kwa Simba na Yanga utavumilia, ila huu mchezo ukiuzimia sauti umeukata nusu. Senta, yule anayeanzisha mchezo, ameinama kashika mpira chini, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, yuko nyuma yake anapiga kelele maneno maneno, halafu "hat!", yaani twende, na mpira unapita katikati ya miguu ya senta kurudi nyuma. Wenzake walishaambiana kwenye duara, pale wanapokusanyika kupanga kabla ya kila mchezo, kwamba tunaondoka kwenye "hat" ya ngapi, ya kwanza au ya pili, wapinzani hawajui, wao wanasubiri mpira utikisike. Ile nusu sekunde ndo faida yenyewe aisee! Na pale Njiro unaisikia, kaka wa kaunta akiona wanapanga mstari anaongeza spika na watu wote wananyamaza.

Kuna muda kwotabeki anakaza sauti ghafla kama anaanza kumbe haanzi, jitu la kilo 140 upande wa pili linachomoka, refa anarusha kitambaa cha njano cha kosa, timu ya kwotabeki inasogea mbele yadi 5 bure. Kwotabeki mmoja, Aaron Rodgers, alikuwa fundi wa hiyo kitu, akiona mtu kavuka mstari anachukua mpira hapohapo anautupa mbali mbele bila wasiwasi, maana ukiharibika anabaki na zile yadi 5. Ila na wa kwake mwenyewe akitikisika mapema wanarudishwa yadi 5 wao. Na saa inakimbia, sekunde 40 tangu mchezo uliopita uishe, zikiisha hujaanza ni yadi 5 tena. Madereva wenzangu wa watalii hii mtaipenda: kwotabeki ana redio ndani ya helmeti, ile yenye kidoti cha kijani nyuma, kocha anamwelekeza humo, saa ikifika sekunde 15 redio inakatwa, anabaki peke yake.

Sasa siku mechi iko kwenye uwanja wa Seattle au wa Kansas City ndo uende. Kansas City mwaka 2014 mashabiki walipimwa desibeli 142.2, pale hata upige kelele vipi senta hasikii. Kwa hiyo timu ngeni wanahesabu kimya kimya. Senta kainamisha kichwa, gadi, mchezaji anayepanga mstari pembeni yake, anageuka kumwangalia kwotabeki nyuma, kwotabeki ananyanyua mguu, gadi anamgonga senta, senta ananyanyua kichwa, anahesabu moyoni, mpira unaondoka. Nilipoona ule mkono mara ya kwanza nikasema huyu ni konda wa Hiace! Konda akigonga bodi mara mbili dereva hageuki wala haulizi, anaondoa gari. Ni vilevile kabisa.

Na ukikosea inauma. Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Februari 2014, Denver na Seattle, kwotabeki wa Denver Peyton Manning anasogea mbele kubadilisha maelekezo, kelele zimejaa, senta wake akadhani ameshaita, akaurusha mpira ukampita Manning ukaingia eneo lao wenyewe, pointi 2 kwa Seattle ndani ya sekunde 12. Wakaja kufungwa 43 kwa 8. Kaka wa kaunta alinionyesha ile klipu kwenye simu yake, tukairudia kama mara kumi tukiangalia miguu ya Manning tu.

Yeye ndo kanipa pia habari za Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Zamani walikuwa wanapigiwa ngoma kubwa pembeni ya uwanja, wachezaji wanausikia mtetemo mwilini wanaondoka pamoja. Na duara lenyewe wanasema lilianzia hapo miaka ya 1890, walikuwa wanaficha lugha ya alama wapinzani wasiisome. Mdogo wangu ni kiziwi, nilimpigia video usiku uleule nikamwelezea kwa mikono, jamani alifurahi, wiki iliyofuata nikaenda naye, alikaa mbele kabisa anaangalia mkono wa gadi na aliuona kabla yangu.

Shida ni moja, TV ziko mbili na haziendi pamoja. Ya ukutani ni ya dishi, ya kule nje inatumia intaneti na inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mliokaa nje mnasikia "hat!" ya ndani wakati kwenu bado wako kwenye duara, raha yote imeisha. Nimeshamwambia bosi azime sauti ya ndani au ile ya nje aiunge kwenye dishi, kasema atashughulikia, mpaka Jumapili iliyopita bado.

Mechi za mapema zinaanza saa tatu usiku kuanzia Novemba, kabla ya hapo saa mbili. Super Bowl ni saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu, fika saa sita. Kaa ndani, meza ya chini ya spika.