Qt Designer kwa wanaotumia Python: kuchora ni rahisi, uhuru wa mtumiaji unaumalizia kwa msimbo

Anayetaka kuiwekea programu yake ya Python madirisha, menyu na vitufe hakosi zana huria. Tkinter huja na Python yenyewe, lakini haiji na zana ya kuchorea dirisha. Glade, zana ya kuchorea madirisha, iliwafaa watu wa GTK (maktaba ya violesura) kwa miaka mingi, ila haikufuata GTK 4. Hapa tunaipima Qt Designer, zana ya kuchora madirisha ya Qt (maktaba nyingine ya violesura), ikitumiwa na PySide6, inayoiunganisha Qt na Python, na swali ni moja: inamsaidia vipi anayejenga kiolesura ambacho mtumiaji atakipanga apendavyo, ahamishe paneli, azifiche, abadili vitufe vya mkato? Mfano mzuri wa kiolesura cha namna hiyo ni Spyder, mazingira huria ya kuandikia Python, ambayo yenyewe yamejengwa juu ya Qt.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa kupanga vitu dirishani, Designer ni zana nzuri mno na inastahili kujifunzwa vizuri. Kwa uhuru wa mtumiaji, inakuachia nusu ya kazi, na wengi hawalitambui hilo mpaka programu imeshafika mikononi mwa watu.

Kusakinisha hakuna shida: pip install pyside6-essentials inatosha, kwa kuwa Designer na zana ndogo za kukompaili (kugeuza fomu kuwa msimbo wa Python) zimo humo. Kifurushi kizima cha pyside6 huongeza mambo kama chati, 3D na injini ya kivinjari, mzigo mzito usio na maana kwa programu ya fomu na majedwali. Kisha andika pyside6-designer, na kwenye orodha ya violezo chagua Main Window. Usichague Dialog kwa sababu tu inaonekana nyepesi: paneli za kuhamishika (QDockWidget) na pau za zana zinahitaji QMainWindow, klasi ya dirisha kuu, na kuhamisha fomu nzima baadaye kunachosha.

Kosa linaloharibu madirisha mengi hutokea dakika za mwanzo kabisa. Designer inakuruhusu kuweka kitufe popote, pikseli kwa pikseli, na dirisha linapendeza. Mtumiaji akilipanua, vitu vyote vinabaki vimejikunyata kwenye kona ya juu kushoto. Sababu ni kwamba wijeti (kipande cha kiolesura) ya katikati, centralwidget, haina mpangilio. Tazama orodha ya vitu iliyo upande wa kulia: ukiona alama nyekundu ya katazo kwenye centralwidget, hapo ndipo penye tatizo. Dondosha angalau wijeti moja ndani yake, bofya eneo tupu la fomu, kisha bonyeza Ctrl+2 kwa mpangilio wa wima, Ctrl+1 kwa mlalo, Ctrl+5 kwa gridi au Ctrl+6 kwa fomu ya lebo na visanduku. Ctrl+0 huvunja mpangilio ukikosea. Baada ya hapo bonyeza Ctrl+R upate onyesho, ulivute dirisha mpaka liwe kubwa sana, kisha dogo sana. Fomu isiyovumilia kuvutwa haijakamilika, hata ikipendeza vipi ikiwa imetulia.

Kishawishi kinachofuata ni kuweka vipimo vya kudumu kwenye minimumSize na maximumSize ili kitufe "kikae sawa". Kiache kikae chenyewe. Maandishi yakitafsiriwa huwa marefu zaidi, fonti za mtumiaji zinaweza kuwa kubwa, na kitufe cha pikseli 80 kitakata neno katikati. Tumia sizePolicy (Expanding kwa kinachopaswa kukua, Fixed kwa kisichopaswa) pamoja na layoutStretch: ukiandika 1,3 safu ya pili itapata nafasi mara tatu ya ile ya kwanza. Ukishazoea mambo haya mawili, hutakumbuka tena kupima pikseli.

Faili linalotoka ni la .ui, yaani XML ya kawaida, na kuna njia mbili za kulileta kwenye Python. Ya kwanza ni QUiLoader, inayolisoma faili programu ikiwa inaendeshwa. Inavutia kwa sababu hakuna hatua ya kukompaili, lakini ina mtego: hurudisha dirisha jipya ambalo si la klasi yako. Ukiandika closeEvent kwenye klasi yako ukitarajia iitwe dirisha linapofungwa, haiitwi, na huoni ujumbe wowote wa kosa. Kwa dirisha kuu fuata njia ya pili: pyside6-uic dirisha.ui -o ui_dirisha.py, kisha klasi yako irithi QMainWindow, na ndani ya __init__ uandike self.ui = Ui_MainWindow() na self.ui.setupUi(self). Jina hilo ni Ui_ likifuatwa na objectName ya fomu, kwa hiyo ukibadilisha jina la fomu, na la klasi linabadilika. Faili lililozalishwa usilihariri kwa mkono, maana ukikompaili tena kila ulichoandika kinafutika.

Sasa paneli. Buruta QDockWidget hadi kwenye fomu na kwenye sifa zake utachagua upande wa kukaa, pande zinazoruhusiwa, na kama inaweza kufungwa, kuhamishwa au kuelea. Kwenye dirisha kuu, dockOptions ina AllowNestedDocks na AllowTabbedDocks. Washa zote mbili kama unataka mtumiaji apange paneli juu, chini na kwa vichupo. Mpaka hapa Designer inang'ara: bila mstari hata mmoja wa msimbo una dirisha ambalo mtu anaweza kulipanga upya.

Funga programu na uifungue tena: mpangilio wote umepotea. Designer haina pa kuweka tiki ya kuhifadhi, hivyo kazi hii ni ya mkono. Kwanza ipe programu setOrganizationName na setApplicationName ili QSettings, klasi ya Qt ya kuhifadhi mipangilio, ijue mahali pa kuandika. Ndani ya closeEvent hifadhi saveGeometry() (ukubwa na mahali pa dirisha) na saveState(1) (mpangilio wa paneli na pau za zana). Wakati wa kufungua, zirudishe kwa restoreGeometry na restoreState, lakini baada ya paneli zote kuwapo, kwa sababu restoreState haigusi paneli ambayo bado haijaundwa. Ile 1 ni namba ya toleo la mpangilio. Ukiongeza au kuondoa paneli katika toleo jipya la programu, ipandishe iwe 2 pande zote mbili: restoreState itaukataa mpangilio wa zamani na kurudisha False, na mtumiaji ataanza na mpangilio wako wa kawaida badala ya dirisha lililovurugika.

Kila paneli na kila upau wa zana lazima viwe na objectName ya kipekee, kwa sababu Qt huvitambua kwa jina hilo. Designer hutoa majina yenyewe, dockWidget, dockWidget_2 na kuendelea. Yabadilishe mapema yawe ya maana, kisha usiyaguse tena, kwani paneli iliyobadilishwa jina haitambuliwi na mpangilio uliohifadhiwa. Paneli unazounda kwa msimbo hazina jina mpaka uzipe. Na kama una QSplitter (kigawanyo cha kuvuta kati ya sehemu) ndani ya dirisha, hiyo haimo kabisa kwenye hesabu ya QMainWindow: ina saveState yake yenyewe, nayo ihifadhi peke yake.

Pengo jingine linawaumiza watumiaji wasio wazoefu. Mtu akifunga paneli kwa alama ya X, atairudishaje? Kubofya kulia kwenye upau wa zana huleta orodha ya paneli, ila hakuna anayefikiria kubofya hapo. Weka menyu ya Mwonekano na uongeze toggleViewAction() (amri ya kuficha na kuonyesha) ya kila paneli. Hili pia halifanyiki ndani ya Designer, ingawa msimbo wake ni mstari mmoja kwa kila paneli.

Kwa vitufe vya mkato, Qt hutoa QKeySequenceEdit, kisanduku kinachonasa mchanganyiko wa vitufe mtumiaji anapoubonyeza. Kukusanya amri zote ni findChildren(QAction) tu, na kubadilisha ni setShortcut. Angalia mgongano kabla ya kukubali: amri mbili zikipewa kitufe kimoja katika dirisha lilelile, Qt haichagui yoyote, na mtumiaji huona kitufe kimekufa. Dirisha la kumwezesha mtumiaji kuchagua vitufe vya upau wa zana halimo kwenye wijeti za Qt. Watu wa KDE, mazingira huria ya eneo-kazi yaliyojengwa juu ya Qt, walijiandikia lao. Hapo ndipo penye upungufu mkubwa kwa anayetaka kiolesura cha kubadilika kikamilifu, na kazi yake si ya jioni moja.

Wijeti yako mwenyewe inaingia kwa kupandisha cheo: weka QWidget tupu, bofya kulia, chagua Promote to, andika jina la klasi na, pale panapoomba faili la kichwa, jina la moduli, mfano vifaa/kipimo.h. pyside6-uic huligeuza kuwa from vifaa.kipimo import. Ndani ya Designer utaendelea kuona mraba mtupu, jambo linalokera ukiwa unapanga ukubwa.

Rangi na sura hupangwa kwa QSS, lugha inayofanana na CSS. Usiandike tu background: white kwenye dirisha kuu bila kutaja aina ya wijeti, kwa sababu itashuka hadi kwa watoto wote. Ukigusa mpaka wa QPushButton, sura ya mfumo wa kompyuta huondoka nawe unabaki na kazi ya kuchora hali zote, za kubonyezwa na za kuzimwa. Ukitumia sifa maalumu kama QPushButton[hatari="true"], kuibadilisha programu ikiendelea hakubadilishi rangi mpaka uite style().unpolish na style().polish kwa kitufe hicho.

Kuhusu leseni, PySide6 inapatikana kwa LGPL, leseni huria inayokubali maktaba itumiwe hata na programu isiyo huria. PyQt6, ambayo hutumia mafaili yaleyale ya .ui, ni GPL (leseni huria inayotaka programu inayosambazwa nayo iwe huria) au leseni ya kulipia. Kwa programu huria chini ya GPL zote mbili zinafaa. Kwa msimbo utakaofungwa, yaani usiotolewa wazi, PySide6 haina gharama, alimradi utimize masharti ya LGPL.