CMA Mtwara: kabla hujajaza Fomu Na. 1, soma hapa

Huduma ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi na tunayoiita CMA, nimeitumia nikiwawakilisha wabanguaji wa korosho. Sheria inakuruhusu uende na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Kufungua shauri ni bure. Kinachouma ni nauli, hasa kwa mtu wa Masasi, karibu kilomita 200 kutoka Mtwara mjini.

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine, kama mshahara au saa za ziada, yana siku 60. Wengi huponzwa na maneno ya mwajiri: "Njoo wiki ijayo tuyamalize." Wiki zinakwenda nne, tano, na mlango umefungwa. Ukichelewa utajaza Fomu Na. 2 pamoja na hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kuchelewa, na kumsubiri bosi si sababu nzito.

Shughuli yenyewe iko kwenye Fomu Na. 1, ile ya kufungulia shauri. Sehemu B ni ya aliyeachishwa isivyo halali tu. Anayedai malimbikizo ya mshahara aiache wazi. Akiijaza, anajichanganyia madai. Na kama hujatimiza miezi 6 kazini, kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu. Wa msimu wasome mkataba vizuri: ukifika tarehe yake ya mwisho, umekwisha wenyewe, hapo hakuna aliyekufukuza. Ukikatishwa katikati, andika kuvunjwa kwa mkataba, udai ujira wa muda uliobaki.

Kwenye kiasi unachodai usiandike "haki zangu zote". Piga hesabu. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisizidi miaka 10, na hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mwenye 390,000 kwa mwezi, kazi siku 6 kwa wiki, anagawa kwa 26 na kupata 15,000 kwa siku. Miaka minne inampa 15,000 × 7 × 4 = 420,000. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28; hiyo iwe mstari wake peke yake. Anayelipwa kwa kilo hutumia wastani wa mapato ya wiki 13 za mwisho, kwa hiyo daftari la kilo lenye saini ya msimamizi ni mali. Lipige picha ukiwa bado kazini, maana ukishatoka getini hulioni tena.

Halafu kuna kufikisha nakala kwa mwajiri, na hapa ndipo mashauri mengi hukwama. Mlinzi wa getini anapokea, anachora kamstari kasikosomeka, basi. Siku ya shauri mwajiri anasema hajaona karatasi, nawe huna cha kuonyesha. Mwambie anayepokea aandike jina, cheo, tarehe na saini kwenye nakala yako, na muhuri ukipatikana ugongwe. Akikataa, tuma kwa rejesta Posta, utunze risiti. Uthibitisho huo unaambatana na fomu unapoiwasilisha Tume.

Usuluhishi una siku 30, na kwangu ndiyo sehemu bora ya huduma hii: mnakaa meza moja na msuluhishi, na mnayozungumza humo hayageuzwi ushahidi baadaye. Ingia ukijua kiwango cha chini utakachokubali. Usipotokea siku uliyoitwa, shauri linaweza kufutwa. Mkikubaliana, soma kila tarakimu na tarehe ya malipo kabla ya kusaini. "Atalipa mapema iwezekanavyo" si tarehe.

Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na huko kunataka mashahidi na vielelezo. Nyota nne kati ya tano natoa kwa usuluhishi. Uamuzi natoa tatu, kwa sababu ya mkia wake: asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, na mwajiri asipolipa, ni wewe unayerudi mahakamani kuomba tuzo, yaani uamuzi uliopewa, ikaziwe ili alazimishwe kulipa. Chukua nakala ya tuzo iliyothibitishwa siku hiyohiyo inapotolewa, usirudi Masasi mikono mitupu.