Santuri ya Larry Lurex: muuzaji kaniudhi, na wimbo nao sijui niupe ngapi

Nianze na muuzaji maana ndo aliyenipandisha presha. Duka la santuri za zamani hapahapa London, jina silitaji. Ile singo ya 1973 ambayo Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alitoa akijiita Larry Lurex nimeisaka mpaka nikakata tamaa, siku hiyo naiona imetundikwa ukutani, bei yake kama kodi ya nyumba. Nikamwambia basi iweke nisikie kidogo. Akanitazama juu mpaka chini, ati hii si ya kupiga, hii ya kuweka tu. Santuri jamani! Nikalipa hivohivo, mie nimekulia Mji Mkongwe na ile nyumba ya Shangani inayosemekana aliishi Freddie, wanayoipigia picha watalii, nikipita mbele yake nikienda chuoni, ningeachaje kitu cha mtoto wa kwetu ukutani pale.

Nyumbani naweka sindano, "I Can Hear Music" inaanza vizuri, kufika gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, tu, tak tak tak, imeng'ang'ania palepale. Nairudisha dukani, ananijibu mbele ya wateja, si nilikwambia si ya kupiga? Pesa hairudi. Akanimalizia kabisa, ati Freddie Mhindi yule, nyie Zanzibar mnamdandia tu. Sasa 1946 alizaliwa Unguja au alizaliwa dukani kwako wewe?

Kwa hasira nikasema na wimbo wenyewe ulistahili kubuma. Prodyuza Robin Geoffrey Cable alikuwa anaitafuta ile sauti nzito ya prodyuza wa Marekani Phil Spector, ala juu ya ala na mwangwi kila mahala, akamuita Freddie aingize sauti pale studio ya Trident ambako Queen walikuwa wanarekodi albamu yao ya kwanza, matokeo yake Freddie anasikika kama anaimba ndani ya birika la maji. Tena Ronettes walishauimba, Beach Boys wakaurudia 1969, nani alikuwa na hamu ya mara ya tatu? Na jina lile sasa, kumtania mwimbaji Gary Glitter wakati yuko juu kabisa, inasemekana madijei walinuna hawakuupiga. Chati haukuiona. Ila kama wiki moja mbele Queen wenyewe wakatoa "Keep Yourself Alive" na ikadoda vilevile, kwa hiyo labda jina tunalionea bure.

Halafu nikageuza upande wa pili, "Goin' Back". Huu hauruki. Kijana hata thelathini hajafika anaimba kurudi utotoni, na familia yake iliondoka Unguja 1964 baada ya Mapinduzi, mie hapo nilinyamaza, wallahi. Wala sauti haijawa ile ya kutikisa viwanja, bado laini, haijui kama itakuwa maarufu. Wenzake walikichukua kipande chake wakakiweka mwishoni mwa "Mother Love" kwenye albamu ya 1995, mwenyewe keshafariki, na ukishajua hivo huwezi tena kuusikiliza kikawaida.

Nilitaka kuandika upande wa kwanza nyota mbili, wa pili tano. Lakini nyimbo zote mbili zimo kwenye lile boksi la nyimbo zake la 2000, nikazisikia humo safi bila kukwama, gitaa la Brian nikalisikia mpaka mwisho, na lo, tamu kweli, zile mbili nazifuta weka tatu na nusu, hata nne. Duka lile sifuri, na santuri siuzi msiniulize.