Sanduku la spana, jerikeni la zege na vidude vingine nilivyofunga kwenye trekta yangu ndogo

Trekta ndogo ni mashine nzuri, ila aliyeibuni alisahau kwamba dereva ana vitu. Yangu ni ya nguvu za farasi 24, mtumba wa Japani, niliinunua mwaka 2021. Ilikuja na kiti, usukani, na kijisahani cha bati pembeni ya kiti ambacho hakitoshi hata spana namba 19. Nalima shamba langu hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, na msimu ukianza nawalimia watu kwa malipo mpaka upande wa Kigumba. Tangu wakati huo nimeifunga vidude vingi, vingine vya kununua Kampala, vingine vya fundi wa kuchomelea wa hapa mjini, na vingine nimevitoa na kuvitupa. Kila wiki kuna mtu ananisimamisha aniulize lile sanduku nimelitoa wapi, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sanduku halikuanza kama wazo la usalama. Nilikuwa nimechoka kupoteza pini. Pini ya toplinki, ule mkono wa juu unaoshika plau nyuma ya trekta, ukiipoteza katikati ya shamba, siku imekwisha. Unatuma boda mjini, anarudi na saizi isiyo yake, unamtuma tena. Kwa hiyo tulikuwa tunabeba pini ya akiba, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuiweka, ilikaa sakafuni, pale miguu inapokaa.

Siku moja ya Agosti, mvua za pili ndiyo zimeshika, mtoto wa kaka yangu alikuwa anateremka kuelekea bondeni na plau imeinuliwa nyuma. Yeye ndiye dereva siku ambazo mimi siendeshi. Ile pini ikaviringika ikaingia chini ya pedali ya breki. Anakanyaga, pedali haiendi. Mtoto ana akili: aliiachia plau ishuke, ikachimba ardhi, trekta ikasimama. Jioni akaniambia, "Shangazi, leo breki ilikuwa plau." Yeye anacheka. Mimi usingizi wa usiku ule niliutafuta sana.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Tukakubaliana sanduku la bati la milimita 2, urefu sentimita 60, upana na kimo 25. Shilingi 150,000. Akauliza tulichomelee wapi, kisha akajibu mwenyewe: kwenye lile tao la chuma lililo nyuma ya kiti, maana ndipo penye chuma kingi. Alishavaa miwani.

Aliyetuzuia ni mzee aliyekuwa amekuja kuchomelewa jembe la ng'ombe, mtu aliyezeekea kwenye matrekta ya miwa kule Masindi. Alituambia tao lile si pambo wala si la kuning'inizia vitu. Limetengenezwa kwa chuma kilichopimwa kijipinde kiasi bila kukatika, ili trekta ikipinduka, pale kwenye kiti pabaki nafasi ya mtu. Ukilichoma moto, chuma kinabadilika pale pale ulipochoma. Ukilitoboa, umelipa mahali pa kuanzia kukatika. "Baada ya hapo," akasema, "litafaa kuanikia nguo." Baadaye nilisoma kwamba Uswidi iliyafanya matao hayo kuwa ya lazima kwa trekta mpya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Nasi mwaka huu tulikuwa karibu kuliunguza letu kwa ajili ya sanduku la spana.

Basi tukalifunga kwenye tao kwa yubolti nne, zile bolti zilizokunjwa kama herufi U, na chini ya kila moja kipande cha tyubu ya baiskeli ili chuma kisisuguane na chuma. Yubolti zilinigharimu 24,000. Halitoboi kitu, halichomi kitu, na siku nikitaka kuuza trekta nalifungua naondoka nalo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuliweka katikati. Lilipendeza. Tukaunganisha plau, nikaiinua mpaka juu kabisa, na ule mnara wake wa mbele ukalipiga sanduku kwa chini kama mtu anayegonga mlango. Bonde lile la kwenye bati bado lipo. Kwa hiyo nawe kabla ya kukaza nati, unganisha kila zana uliyo nayo, inua mpaka mwisho, ndipo uchague mahali. Langu sasa lipo kushoto, karibu na tairi, chini kuliko lilivyokuwa mwanzo. Kuwa chini kuna faida nyingine: trekta hizi ni nyepesi na nyembamba, na kila kilo unayoipandisha juu inakusogeza karibu na kupinduka ukiwa mteremkoni.

Kosa la pili lilikuwa maji. Kifuniko kilikuwa na mdomo mzuri wa kumwaga mvua, lakini matope na maji ya kuoshea yaliingia na hayakuwa na pa kutokea. Wiki ya tatu nilikuta fyuzi zinaelea. Nikamrudia fundi nikamwambia atoboe matundu manne kwenye pembe za chini. Alinitazama kama nimemwambia atoboe sufuria, lakini alitoboa. Kelele nilizimaliza mwenyewe kwa kipande cha tairi kuukuu nilichokitandika ndani.

Humo ndani sasa mna spana za 13 hadi 24, pini ya toplinki ya milimita 19, pini mbili za mikono ya chini za milimita 22, konzi ya pini za kota, playa, waya, bomba la grisi, fyuzi, glavu, na bandeji kwenye mfuko wa nailoni. Kitabu cha trekta, ambacho ni cha Kijapani na sikielewi ila michoro yake inanisaidia, nimekitia kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 lenye vifuniko pande zote mbili. Katika vyote nilivyonunua, sanduku ndilo ningelinunua tena kesho bila kufikiria. Sakafu ya miguuni ipo tupu, na kijana anajua nikikuta hata chupa ya soda pale, siku hiyo haendeshi.

Nyororo ya kuvutia vitu ni nzito, kwa hiyo sikuiweka sandukuni. Ipo mbele, kwenye kikapu cha vyuma juu ya bampa. Hapo inafanya kazi mbili, kwa sababu trekta ndogo ikibeba plau nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na kwenye kilima unageuza usukani trekta inaendelea moja kwa moja kama haijakusikia. Uzito wa dukani ni ghali. Nilichukua majerikeni mawili ya lita 20, nikakata midomo, nikasimamisha ndani ya kila moja chuma kilichokunjwa kama kulabu, nikajaza zege. Zege ina kilo kama 2.4 kwa lita, hivyo jerikeni moja linakaribia kilo 48. Mawili yanaifanya mbele ikae chini. Hayapendezi, watoto wa jirani huniuliza kama nauza maji. Kitu kimoja tu ukiyaiga: yakaze kabisa kwenye fremu yenyewe ya trekta, yasining'inie wala yasishikwe na kamba. Jerikeni la zege likidondoka mbele ya tairi ni jiwe.

Na nyororo yenyewe ukivutia gogo au gari lililokwama, ifunge kwenye kile chuma cha chini cha kuvutia. Ukiifunga juu, kwenye toplinki au kwenye lile tao, trekta inajiinua mbele na kumlalia dereva kabla hajajua kinachotokea.

Kuhusu kinga ya shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye mashine nyingine, nitasema kwa urefu kidogo, kwani hapa ndipo nilipopata somo kwa mwili wangu. Januari tunapukuchua mahindi. Mashine ya kupukuchua inaendeshwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta, mizunguko 540 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata mara 9 kila sekunde. Shafti yangu ilikuja uchi, chuma kitupu chenye vichomozo vya kutilia grisi. Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni, nikainama kuokota gunia, upepo ukapeperusha ncha ya leso. Nilihisi kiuno kimevutwa mara moja tu, halafu leso haipo. Ilikuwa kuukuu, ikapasuka. Tulipozima injini tuliikuta imejisokota kwenye shafti, imekazwa hata kisu hakipiti. Ingekuwa mpya, yenye pindo imara, mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Kinga niliyonunua ni ya plastiki, mabomba mawili yanayoingiliana, na mdomo mpana kila upande. Ya kwanza ilikuwa fupi. Muuzaji aliniapia kwamba zote ni saizi moja, nikafika nyumbani nikakuta kiganja kizima cha chuma bado kiko wazi karibu na mashine. Ya pili nilikwenda na shafti yenyewe begani mpaka soko la vipuri la Kiseka, Kampala, nikaipimia pale pale dukani. Shilingi 160,000. Ina vijinyororo viwili, kimoja kila upande. Watu wengi huvikata wakiona vinasumbua. Usivikate. Ndivyo vinavyoishika kinga isizunguke pamoja na shafti, na kinga inayozunguka na shafti haijakinga kitu. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, naizungusha kwa mkono. Ikizunguka kirahisi huku shafti imetulia, iko sawa. Ikikwama, natia grisi. Leso kwenye mashine sijifungi tena, na akina mama wanaokuja kupepeta nimewawekea kamba ya kuwazuia upande ule. Wanasema nimekuwa polisi.

Barabarani tunachangia lami na malori ya kwenda Gulu na Sudan Kusini. Mimi nakwenda kilomita 20 kwa saa, wao hawaendi hivyo. Desturi yetu ni kuweka matawi barabarani gari likiharibika, lakini matawi hayamsaidii mtu anayetembea. Nilinunua ile pembetatu ya magari ya mwendo wa pole, katikati rangi ya chungwa kali ya mchana, kingo nyekundu za kuakisi taa usiku. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, miaka ya 1960. Shilingi 35,000, na tofauti niliiona siku ile ile: malori yanaanza kupunguza mwendo mbali zaidi. Ila jua letu haliihurumii. Miaka miwili, chungwa lilikuwa limepauka kama waridi la plastiki, nikanunua nyingine.

Taa za LED mbili za wati 18 nimezifunga mbele na moja nyuma, na fyuzi yake. Ya nyuma ni tamu ukiwa unalima jioni. Kwenye lami ni balaa. Usiku wa kwanza nilisahau kuizima, dereva wa lori aliyekuwa nyuma akadhani gari linamjia upande wake. Alinipita akiwa amefungua dirisha, na aliyoyasema kuhusu ukoo wangu siwezi kuyaandika. Sasa taa ya nyuma ina swichi yake peke yake, nyekundu, karibu na usukani. Na jambo lisilogharimu hata shilingi: kabla ya kuingia lami, unganisha pedali mbili za breki, ya tairi la kushoto na ya la kulia, kwa lile komeo lake. Ukikanyaga moja peke yake kwa mwendo wa barabarani, trekta inajizungusha.

Mtungi wa kuzimia moto, poda kavu kilo 2, niliufunga kwanza nyuma ya kiti, kisha nikajiuliza nikishaikimbia trekta inayowaka nani ataupandia. Sasa upo pembeni, mahali ninapoufikia nikiwa nimesimama chini. Kila mwezi naupindua chini juu, kwa sababu mtikisiko wa shamba unaishindilia poda. Sijautumia, ingawa Februari huwa nachomoa nyasi kavu kando ya ekzosi kwa mikono miwili.

Kishikio cha simu kilidumu siku tisa. Tuendelee.

Mkanda wa kiti ulikuwepo, umekatika, nikaweka mwingine. Kanuni yake watu huichanganya: tao likiwa limesimama, funga mkanda, ukilikunja ili kupita chini ya miembe, fungua, kwani trekta ikipinduka wakati huo heri urushwe kuliko kubaki chini yake. Na ukitoka kwenye miembe, lisimamishe tena. Kijana alikuwa analisahau, nikamwambia tao likikunjwa na malipo yanakunjwa.

Jana nimepita kwa fundi. Nje amepanga masanduku matatu, yamepakwa rangi ya chungwa kama trekta yangu, bei ameiandika kwa chaki: 220,000. Nikamuuliza mbona imepanda hivyo. Akalipindua moja kwa fahari anionyeshe chini.

"Mama, haya ya sasa yana matundu ya maji."